Kwenda kwa Goreti

Jumatatu, 8 Septemba. Louisville

Maharage yaliwiva kabla ya saa mbili asubuhi. Nimekunywa dawa ya presha. Nimefua mapazia, sijui kwa nini, maana hakuna anayebaki humu ndani kuyaangalia.

Mama Furaha alikuja na sanduku lake kulipima kwenye mizani yangu ya bafuni. Huyu ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mjane kama mimi, mdomo wake hauna breki. Sanduku limezidi. Tumetoa unga wa muhogo. Ndagala, dagaa wa kwao, amekataa kuwatoa. Anasema Wagiriki wana samaki wakubwa, lakini ndagala watatoa wapi? Hajawahi kufika Ugiriki hata siku moja. Mimi pia.

Yeye anakuja kwa sababu mitume walipita visiwa vile na anataka kukanyaga walipokanyaga. Mimi nakwenda kwa sababu ya Goreti. Nimemwambia kwamba Goreti ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, Paskazia.

Uongo. Goreti ni wangu. Nimemzaa mimi, wa tatu, kitinda mimba. Nilimwacha kambini Kigoma akiwa na miaka tisa, nikaja Amerika. Sasa ni miaka kumi na saba. Kanisani hapa hakuna anayejua.

Naogopa. Herufi nilifundishwa uzeeni, darasa la kanisa, kwa hiyo naandika polepole na mkono unauma. Yatosha leo.

Jumatano, 10 Septemba. Columbus

Basi tangu asubuhi. Mama Furaha aliimba mapambio njia nzima. Dereva alimvumilia. Mimi nusura nishuke.

Tumelala kwa Odeta, kifungua mimba wangu. Anakaa Northland, nyuma ya maduka ya Waafrika ya Morse Road. Anaosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza huko Westerville, anarudi mgongo umepinda. Watoto wake wananisalimu kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili, tunaendelea hivyohivyo. Nawapenda. Wamenenepa vizuri.

Mama Furaha alipoingia kuoga, Odeta akaniambia jikoni, "Mama, unakwenda kufukua nini? Goreti amekua. Ana kazi. Mwache."

Nikamwambia nyamaza, wewe pia ulikuwepo.  Akageukia sufuria. Niliona mabega yake yanatikisika, sikumgusa. Nilipaswa kumgusa.

Acha niandike ilivyokuwa, mara moja, nisirudie tena.

Paskazia alifiwa na mume na mtoto wakati wa kukimbia Burundi. Akabaki peke yake katika kibanda chake. Mimi nilikuwa na watatu. Nikampa Goreti akae naye, amchotee maji, nyumba ipate sauti. Kwetu ni jambo la kawaida, unampa ndugu yako mtoto kama unavyompa moto wa kuwashia jiko, na moto wako hauzimiki. Mtoto alilala kule, akala huku, akaniita Mama, akamwita Paskazia mama mdogo. Siku ya kuhesabiwa wakamkuta kwa Paskazia. Wakamwandika kwenye kadi ya mgao ya Paskazia, mtoto wake wa kuzaa. Nikaona ni sawa. Mwenye watu wawili hanyanyaswi kama mwenye mmoja.

Halafu jina langu likatokea kwenye ubao wa waliochaguliwa kwenda Amerika. La Paskazia halikutokea.

Watu wakasema, ukibadilisha hesabu ya kadi, faili linafungwa, mnabaki wote. Tulikuwa tumeona familia imebaki hivyo. Mzungu wa mahojiano akaniuliza, una watoto wangapi? Nikasema wawili. Aliniuliza mara tatu, mara zote nikasema wawili. Odeta akasema tuko wawili. Fideli akasema tuko wawili.

Ndivyo.

Ijumaa, 12 Septemba. Buffalo

Fideli alitupokea. Mwanangu wa kiume, kiwanda cha Tonawanda kimempa mikono kama magome. Yeye ndiye aliyempata Goreti, akaongea naye kwa simu mwaka mzima bila kuniambia. Nilitaka kumpiga, nikamkumbatia. Ndiye aliyetukatia tiketi.

Amenieleza yote. Paskazia alipofariki, Goreti alikwenda Uturuki kwa wakala wa kazi, kazi ikawa utumwa, akavuka bahari kwa mtumbwi wa mpira mpaka kisiwa cha Ugiriki. Amepewa karatasi za huko. Anafanya kazi hotelini, chumba cha kufulia.

Ana masharti. Hatutakaa kwake, ametutafutia chumba cha kupanga. Halafu Fideli akainama, akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. "Amesema, mwambie Mama mkubwa asije na machozi."

Mama mkubwa. Dada mkubwa wa mama yake. Kama kadi ilivyosema.

Sikulia. Nilikula wali wote.

Jumapili, 14 Septemba. Kisiwani

Ndege tatu. Miguu imevimba. Ya mwisho ilikuwa ndogo, ikatua karibu na maji hata Mama Furaha akaanza sala ya kufa.

Goreti alikuwa nje ya uwanja, kwenye kivuli, amevaa shati jeupe. Nilimjua kabla sijavaa miwani. Mabega ya mama yangu. Amekuwa mrefu. Mzuri. Mwanangu mzuri kabisa.

Alinipa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba," nikajibu.

Marahaba! Nilivuka dunia nzima ili niseme marahaba. Mwoga mimi.

Chumba kiko juu ya duka la mkate. Ametununulia nyanya, jibini na maji. Ametuandikia mabasi kwenye karatasi, lipi linakwenda ufukwe upi, lipi linapanda kwenye vijiji vya juu ya majabali. Mpole. Anaongea nasi kama anavyoongea na wageni wa hoteli. Hakuna jambo baya alilofanya. Ingekuwa heri angenitukana.

Jumatatu, 15 Septemba

Ufukwe wa kwanza. Siyo mchanga, ni mawe ya mviringo kama viazi. Yanaunguza. Maji ni ya buluu mpaka unajisikia mchafu.

Mama Furaha alisimama akaweka mkono machoni. "Yesu wangu! Dada, angalia hawa bazungu, beko utupu! Na bakoko pia!" Bakoko kwao ni mabibi na mababu. Kweli, walikuwepo wanawake wa umri wetu, wenye matumbo kama yetu, wamelala juani kwenye vipande viwili vya nguo bila wasiwasi. Baada ya saa moja Mama Furaha alikuwa amepandisha kitenge mpaka magotini. Baada ya saa mbili alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni anapiga vigelegele. Mzee mmoja wa Kigiriki akampigia makofi. Akaongeza.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu Louisville.

Halafu nikaingiza miguu. Maji baridi, yanavuta. Ng'ambo unaona nchi nyingine, milima kama moshi. Nikauliza kijana anayepanga viti, akasema ni Uturuki. Nikaangalia umbali ule. Ukitazama umesimama, ni karibu. Mawazoni nikamweka mtoto wangu katikati pale, juu ya mpira, usiku, hajui kuogelea. Sikuweza kuendelea kutazama. Nikatoka majini. Mama Furaha akadhani nimekanyaga miiba.

Kesho Goreti anapumzika mchana. Atatupeleka kwenye kijiji cha juu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeharibu.

Basi lilipanda kwa kuzungukazunguka, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hakuna kitu, ni bahari chini kabisa. Mama Furaha alifumba macho. Kijiji kimebandikwa ukingoni mwa jabali, nyumba nyeupe, mlango wa huyu uko juu ya dari ya yule. Ngazi, ngazi, ngazi. Paka kila ngazi. Magoti yangu yaliniapiza.

Goreti alikuwa amelegea kidogo. Alitutania. "Mama Furaha, mitume walipanda hizi ngazi bila kulalamika." Mama Furaha akasema, "Bon, mitume hawakukuwa na uric acid ya magoti." Goreti alicheka kwa sauti. Anacheka kama Fideli. Nilisikia joto kifuani.

Juu kabisa kulikuwa na bibi mmoja wa Kigiriki, nguo nyeusi mpaka kitambaa cha kichwa, amekaa nje kwenye kiti cha kamba. Ni mama wa mwenye hoteli anapofanya kazi Goreti. Alimkumbatia Goreti kama wake. Akatupa tini kwenye sahani. Tamu sana. Akaonyesha vidole vinne, akakunja kimoja, akagusa kifua. Nilielewa bila kufasiriwa. Alizaa wanne, mmoja hayupo.

Akaniuliza kitu. Goreti akafasiri, macho kwenye sahani ya tini. "Anauliza wewe una watoto wangapi."

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Vidole viwili.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Miaka kumi na saba nimejibu hivyo. Kwa wazungu wa karatasi, kwa daktari, kwa mchungaji, kwa kila mtu. Mkono umezoea.

Goreti alimwambia bibi neno moja fupi la Kigiriki. Akasimama, akajipangusa sketi, akasema basi la kurudi ni saa kumi na moja, tusilikose. Akashuka ngazi. Hakukimbia. Alishuka kama mtu aliyemaliza kazi.

Mama Furaha aliendelea kula tini.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuja. Simu haishiki. Nimelala. Mkate umekauka.

Alhamisi, 18 Septemba

Upepo mkali. Tulikwenda ufukwe wa pili, ule wa mchanga mweusi, kwa sababu Mama Furaha alisema hakuja Ulaya kulinda kitanda. Mchanga ulitupiga miguu kama kokoto za kombeo. Mwavuli wa mtu uliruka, ukaingia baharini. Tulijificha nyuma ya ukuta wa mgahawa ambako wameanika pweza kwenye kamba kama soksi.

Akaniangalia. "Donc, utaniambia ama hutaniambia? Yule mtoto ana uso yako. Meno yako. Hata hasira ni yako. Eti wa mdogo wako."

Nikamwambia yote. Kadi, mahojiano, vidole viwili. Sikuficha chochote. Nilingoja asimame aende zake. Ni mzee wa kanisa, anaombea watu kwa kuwawekea mikono.

Alifunga kitenge chake upya, upepo usikichukue. Halafu akasema, "Furaha wangu ni wa kaka yangu."

Nikamtazama.

"Kaka yangu alikufa, nikamuweka kwa karatasi yangu. Nikamuacha kijana yangu mkubwa nje, juu alikuwa na miaka ishirini na mbili, banasema mkubwa ataharibu dossier, ile faili. Alibaki Uganda. Alikuja nyuma ya miaka sita. Hakunisemesha mwaka moja, yuko anakula chakula yangu na hanisemeshi." Akapangusa mchanga machoni. "Wewe unafikiri ni weye peke yako ulihesabu vibaya?"

Nikamuuliza alifanyaje mpaka mwanawe akaongea.

"Nilimufwata. Akienda chumba, minafwata. Akienda parking, minafwata. Mpaka alichoka akanitukana. Ile siku nilishukuru Mungu."

Tukacheka na upepo wote ule. Kucheka kwa kulia. Mwenye mgahawa akatuletea chai bila kuombwa. Pengine alidhani sisi ni wagonjwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda peke yangu. Mama Furaha nilimwacha na ndagala zake.

Kwanza hotelini. Mlinzi akasema kwa ishara kwamba Goreti hataki kutoka, yuko kazini. Nilisikia mashine zinanguruma nyuma ya ukuta. Mwanangu yuko hapo, hatua ishirini. Singeweza kumpigia kelele mbele ya kazi yake. Angefukuzwa.

Nikapanda basi la juu. Sikuweza kumrekebishia Goreti, lakini nilijua pa kurekebisha. Ngazi zile zile, bila wa kunishika. Nilipumzika kila paka. Mahali pengine nilipanda kwa mikono kama mtoto anayetambaa. Watalii walinipisha. Mmoja alinipiga picha, nikamtolea jicho akafuta.

Bibi alikuwa pale pale. Alishtuka kuniona nahema. Nikasimama mbele yake, nikainua vidole vitatu. Nikahesabu kwa sauti, nikigusa kimoja kimoja. Odeta. Fideli. Goreti. Kwa Goreti nikajipiga tumboni, hapa, hapa, nikaelekeza kidole chini hotelini. Nikarudia. Goreti, hapa.

Sijawahi kuyasema majina yale matatu kwa mfululizo mbele ya mtu. Sauti ilinitoka kubwa, mbwa akabweka.

Yule bibi alishika vidole vyangu vyote vitatu ndani ya ngumi yake, akaongea maneno mengi. Sijui alinigombeza au alinipongeza. Alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akasimama. Maji. Mkate na mafuta. Kitunguu. Nilikula mbele ya bahari yote ile, juu kabisa, kama malkia.

Nikashuka. Basi. Goreti hakupiga simu. Lakini kifua kimekuwa chepesi. Hata akinikataa, sasa yupo kwenye hesabu.

Jumamosi, 20 Septemba

Magoti yamekufa. Mama Furaha ananikanda kwa mafuta ya zeituni. Ananuka ndagala.

Jumapili, 21 Septemba

Nimechelewa kuandika, nilikuwa naogopa kuliharibu kwa kuliandika.

Goreti alibisha hodi asubuhi. Amevaa viatu vya raba. Akasema twende, nyote wawili. Alituchukua kwa gari la mwenzake mpaka ufukwe mdogo ambao hauna mwavuli wala kiti. Majabali pande mbili, maji katikati. Mahali padogo kama kiganja.

Akasema, "Hapa ndipo tuliposhukia."

Hakutuangalia, aliangalia maji. Akaniambia kwamba bibi wa juu alimpigia mwanawe simu hotelini, akipiga kelele mpaka wakamsikia chumba cha kufulia. Kwamba yule mama amepanda tena peke yake, karibu afie kwenye ngazi, kuja kusema watoto ni watatu. Hoteli nzima sasa inajua. Meneja anajua. Mpishi anajua. "Umeniaibisha," akasema. Lakini mdomo wake haukuwa na hasira.

Halafu ikaja.

"Sikukasirika kwa sababu ulisema wawili. Watu wote walisema uongo, hata sisi kambini tulijua. Mlisema mnakwenda kupimwa hospitali, mtarudi jioni. Mimi nikapika ugali wa watu watano. Nikaufunika. Mama mdogo akaniambia nile, nikakataa, nikasema tunawangoja. Siku ya tatu ukaota ukungu, ndipo akaniambia ukweli." Akaokota jiwe, akaliweka chini tena. "Ungeniaga tu."

Miaka yote nimeandaa maneno. Ya faili, ya kadi, ya watu waliobakizwa. Niliyatafuta, yakanikimbia yote. Nikamwambia lililobaki.

"Niliogopa. Nilijua nikikuaga utalia, na ukilia sitapanda lile basi. Na nilitaka kulipanda, Goreti. Nilitaka kuondoka pale. Hiyo ndiyo kweli yangu, haina nguo nyingine."

Nikapiga magoti. Mama hampigii mtoto magoti, najua, kwetu ni jambo la kutisha. Nilipiga. Kwenye mawe. Nikamwomba msamaha kwa jina lake lote.

"Inuka!" akasema. "Inuka, unafanya nini, utaniletea laana!"

Nikataka kuinuka. Magoti yakakataa. Kweli yalikataa, yamefunga kama bawaba yenye kutu. Nikajaribu tena, nikaanguka upande kama gunia. Mama Furaha akaja mbio kunivuta, naye akateleza, akakaa kwa kishindo, wimbi likamfunika mpaka kifuani. "Eh Yesu, simu yangu!" Goreti akasimama katikati yetu, hajui amwokoe nani. Mimi chini, yule majini, ananitupia lawama kwa Kiswahili cha Bukavu ambacho siwezi kukiandika.

Goreti akaanza kucheka. Kwanza kwa pua. Halafu tumbo lote. Akaja nyuma yangu, akanipenyezea mikono kwapani kama Odeta anavyofanya kwa wazee wake, akasema, "Haya, Mama, shika shingo yangu. Usivute nywele. Moja, mbili."

Mama. Bila mkubwa.

 Niliogopa kwamba neno lile likisikia linaitwa litakimbia. Nilishika shingo yake. Ina jasho, ina harufu ya sabuni ya kufulia. Nikanyanyuka. Alinishikilia hata baada ya kusimama, muda mrefu, mpaka Mama Furaha akauliza kama yeye ni wa kuachiwa samaki.

Jumatatu, 22 Septemba

Goreti ameomba ruhusa ya siku mbili kazini. Meneja amempa, akasema, mpeleke mama yako popote.

Leo vijiji viwili na fukwe mbili! Kijiji cha kwanza kina kinu cha upepo na mbuzi wanaotembea kwenye ukingo ambao hata ndege angefikiri mara mbili. Cha pili kina kanisa dogo ndani ya mwamba, Mama Furaha alisujudu akasema ni hapa hasa mitume walipopumzika. Nani kamwambia? Amejisikia tu. Aliwasha mishumaa mitatu. Hakusema ni ya nani. Najua.

Kwenye ngazi Goreti ananisukuma mgongoni. "Haya, Mama mkubwa, panda, ulipanda peke yako Ijumaa, leo unadeka?" Sasa analisema kwa utani. Nikamwambia nitamchapa. Akasema utanifikia?

Amenicheka viatu. Amecheka jinsi ninavyotafuna. Amenikataza kabisa kuongeza chumvi. Nimefurahi. Basi. Nimefurahi.

Odeta alipiga simu ya video tukiwa tunakula samaki. Alipomwona Goreti alifunika mdomo.  Halafu Goreti akasema, "Dada, nywele hizo amekusuka nani, adui yako?" Wakaongea nywele saa nzima. Nywele tu. Samaki wangu na wake wote nikala mimi.

Nilimuuliza kama atakuja Amerika. Akasema hapana, siyo sasa, hapa ana kazi, ana watu, ana bibi wa juu. Labda kutembea. Nilidhani litaniuma. Liliuma kidogo tu. Ana mahali pake. Amejitengenezea mwenyewe, bila mimi. Namsifu.

Jumatano, 24 Septemba. Buffalo

Tumefika. Kwenye uwanja wa ndege wa kule Goreti alinishika mkono mpaka mstari ambao hawaruhusu. Nilimwambia kwaheri. Nilisema yote, kwa ukamilifu, na Mungu akulinde, na kula, na usilale na nywele mbichi. Alilia. Nililia. Sikufa.

Fideli alitupokea.  Alinitazama usoni, akachukua mabegi yote mawili kwa mkono mmoja na kuanza kupiga mluzi. Mwanangu hajapiga mluzi tangu kambini.

Columbus tutapita kesho. Odeta amesema anapika kuku.

Jumamosi, 27 Septemba. Louisville

Nyumba ina vumbi. Mvua ndogo. Nimepika uji, nimekunywa dawa.

Mama Furaha ameshawasimulia watu wa kanisa nusu ya safari. Ile nusu ya majini. Nusu nyingine ameniachia mimi, nitaisema mwenyewe kesho Jumapili. Siogopi sana.

Goreti alipiga saa nne asubuhi. Kwake jioni, amemaliza kazi, alikuwa ametoka nje kukaa kwenye ngazi. Nilisikia paka.

Aliniuliza alizaliwa lini. Karatasi zake zinasema tarehe moja Januari, kama za kwetu wote. Anataka ya kweli. Alisema Paskazia hakuijua sawasawa, hakuna mwingine wa kumuuliza.

Tarehe siijui, sikuwa najua kusoma. Nikamwambia ninayoyajua. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mgao. Majira ya kupalilia maharage. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na turubai limejaa maji, baba yako, akiwa bado hai, alikuwa anayasukuma kwa fimbo yasitudondokee. Jua lilikuwa halijatoka. Ulitoka haraka, hukunisumbua, ulipiga chafya kabla ya kulia. Nywele nyingi. Paskazia alichemsha maji. Mimi niliomba nikushike kabla hawajakuosha, wakakataa, nikagomba, wakanipa.

Nilimsikia akipekua mkoba wake. 

"Rudia," akasema. "Polepole. Naandika."

Nikarudia toka mwanzo.